Marraine wa Fermentation

Marehemu Mwalimu Birindwa alifundisha kemia na biolojia katika shule moja ya sekondari ya mtaa wa Mapendo, mjini Goma, na katika miaka yake yote ya kazi hakugombana na mtu. Aligombana na kabati tu. Kabati hilo ndilo lililoitwa maabara. Lilisimama nyuma ya ofisi ya préfet, mkuu wa shule, likiwa limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uliondoka na préfet wa zamani, naye préfet wa zamani aliondoka bila kuaga. Siku kufuli lilipokatwa walimu wote walikuja kutazama. Ndani mlikuwa na mirija miwili ya kioo, picha ya figo iliyoliwa na mchwa mpaka haikujulikana tena kama ni figo au ni ramani ya Masisi, na kuku wa mlinzi aliyekuwa akiatamia. Alipoingilia hakuna aliyepajua. Mwalimu Birindwa alisema huyo ndiye pekee aliyewahi kufanya utafiti mle ndani, na akaomba asisumbuliwe.

Ukosefu wa vifaa aliuzoea. Kilichomkera ni maneno. Wanafunzi wake walisoma sayansi kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi, na walikuwa mabingwa wa kukariri. Ungemwamsha mmoja wao usingizini angekupa maana ya osmose bila kufumbua macho. Asubuhi moja alimwita Jolie, msichana aliyeshika masomo kuliko wote, akamuuliza evaporation ni nini. Jolie alisimama, akaitoa yote kwa pumzi moja, koma na nukta zikiwa mahali pake.

“Vizuri sana,” Mwalimu akasema. “Sasa uliiona wapi?”

Jolie akafikiri, akainua daftari lake. “Mu kaye, Prof.”

“Na kwenu nyumbani?”

“Nyumbani iko mu ile ile kaye, Prof. Huwa ninairudisha mu sac.”

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu kicheko kikamkauka, maana nje ya dirisha, pale pale nyuma ya kichwa cha Jolie, nguo za mlinzi zilikuwa zimetandazwa juu ya mawe meusi ya volkano, na kwa jua lile zilikuwa zikifuka mvuke kama sufuria ya maharage. Darasa zima lilikuwa limezipa mgongo nguo hizo likiandika juu ya mvuke.

Basi akatunga sheria. Alipasua magunia ya mchele, akayashona pamoja, akayatundika ukutani toka mlango hadi dirisha. Akasema neno lolote la sayansi halitapanda juu ya gunia mpaka limetimiza mambo matatu. Kwanza, liandikwe kwa Kifaransa bila kosa. Pili, mwanafunzi aseme jinsi mama yake angelieleza jambo hilo kwa Kiswahili akiwa jikoni. Tatu, kiletwe kitu cha mtaani cha kushika, kunusa au kulamba, pamoja na jina la mtu mzima mwenye kitu hicho, ambaye amekubali kukiazima na kuulizwa maswali.

“Huyo mutu mukubwa ni sawa parrain,” akasema Lionel, kijana wa nyuma ambaye kazi yake ilikuwa kuchekesha wenzake.

Darasa likacheka, Mwalimu naye akacheka, akachukua chaki akaliandika neno hilo juu ya gunia: Parrain. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki aliyesimamia ubatizo wa watoto wa ndugu zake wasiohesabika, hakupaswa kulifanya. Parrain si jina la kutaniwa. Yule aliyemshika mtoto wakati maji yanamwagwa kichwani, akiwa mwanamume ndiye parrain, akiwa mwanamke ndiye marraine, lazima ajue kama mtoto anakula, kama anasoma, anatembea na nani. Siku ya komunio anakaa meza ya mbele. Na hakuna mtu anayekubali kazi hiyo halafu siku ya sherehe akabaki nyumbani.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Christa, naye wa upande wa Bukavu, mpishi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wanafunzi walikwenda kumwomba awe marraine wa Fermentation, yaani kuchachuka. Mama Christa alijifuta mikono, akawauliza kama padri anajua. Walipomwambia ni mambo ya shule, alisema amefikiri na amekubali, na akataka kujua mtoto anasemaje. Tangu siku hiyo hakumwita Fermentation kwa jina lingine ila mutoto wangu. Darasa lilipofanya interrogation, lile jaribio dogo la darasani, na nusu yao wakaanguka katika swali la kasiksi, habari zilimfikia kabla hata karatasi hazijarudishwa. Alikuja shuleni na kitambaa kichwani, akasimama mlangoni akauliza kwa upole ni nani hasa aliyemtupa mtoto wake. Hawakuanguka tena katika swali hilo.

Baada yake wengine walifuata wenyewe. Papa Sebahire, mfugaji wa Masisi aliyehamia Goma na kuuza jibini ya kwao, ile inayoitwa fromage, alichukua Coagulation. Papa Sebahire hakuwa Mkatoliki, lakini hakuwa tayari kuona Wabukavu peke yao wakiwa na watoto. Donat fundi wa kuchomelea vyuma alichukua Oxydation na kutunza mabati yenye kutu kwa heshima ambayo mabati mazima hayakuwahi kuipata. Mama Mwavita, aliyekausha sambaza wa ziwani, alipewa Déshydratation, akalalamika kwamba jina la mtoto ni refu, halafu akalijifunza kwa kuliimba. Émile wa chukudu, lile baiskeli kubwa la mbao linaloteremsha viazi kutoka njia ya Rutshuru, alichukua Frottement, yaani msuguano, kwa kuwa breki yake ni kipande cha tairi anachokikanyagia gurudumu la nyuma, na mtu yeyote aliyemwona akiteremka alijua kwamba uhai wake wote umekaa juu ya neno hilo.

Neno lililosumbua ni Parasite. Wanafunzi walizunguka mtaa mzima wakiliombea msimamizi, na kila walipogonga watu walitaka kujua ni nani aliyewatuma na anamaanisha nini. Mwenye nyumba mmoja alifunga mlango. Shemeji wa mtu fulani, aliyekuja kusalimia Pasaka na akawa bado yupo, alihama siku ile ile. Mwisho Mwalimu Birindwa alilichukua mwenyewe, na kwa majuma mengi walimu wenzake, wakimwona anakaribia na kikombe chake saa ya chai, walimuuliza kama mtoto ameshiba.

Lakini mambo yalikwenda. Mwanafunzi wa darasa lile hakuweza tena kuvuka Mapendo kwa amani. Ukitumwa chumvi, Mama Mwavita anakusimamisha akuulize maji ya samaki yameenda wapi. Ukienda misa, Donat yuko mlangoni na swali la kutu. Émile aliwahi kusimamisha chukudu katikati ya mteremko, viazi vyote vikiwa juu, amuulize Lionel kwa nini gurudumu limepata moto. Lionel akajibu vizuri kabisa, huku magari nyuma yao yakipiga honi.

Préfet Hilaire hakufurahi. Alikuwa mtu wa suti na wa programu. Kwake somo ni kitu kinachoandikwa ubaoni, kinanakiliwa, kinaisha. Alipitia magunia yale ukutani akaona kwamba darasa la jirani lilikuwa limefika mwisho wa sura ya sita, na Birindwa bado alikuwa kwenye jibini. Akamwita ofisini na kumweleza bila kuzunguka. Mkaguzi anakuja juma lijalo. Akiridhika, sawa. Asiporidhika, darasa litapewa Monsieur Olivier, licencié kijana mwenye shahada, anayekaa Himbi, mtaa wa wenye nazo, mwenye kompyuta na projecteur inayotupa picha ukutani, umeme ukiwepo. Mwalimu Birindwa yeye atarudi kufundisha usafi na kazi za mikono kwa watoto wa mwaka wa kwanza.

Mwalimu aliondoka mle akiwa amebeba kofia yake badala ya kuivaa. Usafi na kazi za mikono hazikumtisha. Ila wanafunzi wale alikuwa amewapokea wakiwa hawajui kitu, na mwaka unaofuata wangefanya Mtihani wa Taifa, na yeye alitaka kuwafikisha mlangoni kwa mikono yake. Hakuwa na ombi lingine. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, watoto wake walikuwa Kinshasa, na darasa hilo ndilo lililomfanya apige pasi shati.

Siku ya kuamkia ukaguzi aliwaambia wanafunzi wapumzike, waoge, wasome gunia lote, kwa sababu kesho maneno yatapimwa mbele ya mgeni mkubwa. Hakusema zaidi. Wala hakufikiri kwamba wanafunzi wale, wakipita njiani kurudi kwao, wangesimamishwa na watu wale wale wanaowasimamisha kila siku, na kwamba wangewajibu kwa ukweli. Jioni ile Mapendo nzima ilikuwa imekwisha kujua: kesho watoto wanafanya mtihani mbele ya mugeni.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, mwenye kalamu mbili, aitwaye Madame Aksanti. Alikaa kiti cha mbele, préfet Hilaire kando yake katika suti ya kijivu. Mwalimu Birindwa alikuwa ameandika tarehe ubaoni na kufungua kinywa, mlango ukagongwa.

Aliingia Mama Christa, katika kitenge kipya kilichokuwa bado na gundi ya dukani, amebeba bidoni, dumu la kasiksi, kichwani. Nyuma yake Papa Sebahire na kofia yake na buti zilizopigwa rangi, mkononi kibonge cha jibini kimefungwa katika kitambaa cheupe. Halafu Donat, aliyefunika bati la kutu kwa shuka la kitanda. Halafu Mama Mwavita na sinia la sambaza. Kutoka barazani ilisikika sauti ya mbao nzito ikigonga ngazi, na Émile akionyesha watu jinsi ya kuinua chukudu upande wa mbele.

Préfet alisimama. Alisema kwa Kifaransa kwamba hilo halikuwa katika ratiba. Madame Aksanti hakuinuka. Aliwatazama wale watu wazima wakisalimia darasa zima kwa mkono, dawati kwa dawati, halafu akauliza ni akina nani.

“Ni ba-parrain ba maneno, Madame Inspectrice,” akasema Lionel, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa akichekesha.

Mwalimu Birindwa alitazama sakafu akiona ndani yake watoto wa mwaka wa kwanza wamepanga mistari na fagio. Madame Aksanti akamuuliza Mama Christa mtoto wake ni yupi. Mama Christa akaonyesha gunia kwa kidole, mstari wa tatu. Mkaguzi naye alikuwa wa upande wa Bukavu, na hakujua njia ya kumfukuza marraine aliyekuja amevaa. Alisema basi wakae nyuma, ila kwa sharti moja: mtihani ni wa watoto, mkubwa asifungue kinywa. Wote wakakubali. Wakakaa madawatini, magoti yao yakigusa mbao, wakanyamaza kama walioko kanisani.

Madame Aksanti akasimama, akasoma magunia polepole kutoka mlangoni mpaka dirishani. Halafu akamnyooshea Jolie kalamu na kuuliza, kwa Kifaransa, coagulation ni nini.

Jolie alisimama. Alikuwa akijua. Lakini aligeuza macho akamwona Papa Sebahire, kofia juu ya magoti, anamtazama kama mtu anayemtazama ndama akivuka mto, na maneno yote yakamtoka kichwani. Préfet akakohoa. Mwalimu Birindwa alijishika mkono mmoja kwa mwingine ili asimsaidie.

Papa Sebahire alikuwa ameahidi kutofungua kinywa, na hakukifungua. Alitazama dari. Mikono yake peke yake, kana kwamba ni ya mtu mwingine, ilianza kufungua kile kitambaa cheupe, kona baada ya kona, mpaka jibini ikawa mezani mbele yake, njano, mviringo. Harufu ikatembea darasani.

Jolie akavuta pumzi. “Papa Sebahire anakamata maziwa,” akasema kwa Kiswahili cha kwao. “Anatia mu kitu kidogo inatoka mu tumbo ya ndama. Maziwa inashikana. Yenye kushikana inabaki fromage, maji inatoka.”

Préfet alinong’ona kwamba lugha ya somo ni Kifaransa. Lakini Jolie alikuwa amekwisha kupata pa kukanyaga, na kutoka hapo alipanda Kifaransa hatua kwa hatua, protini, enzyme, joto lake, mpaka juu, bila kuteleza popote. Papa Sebahire akapangusa jasho kwa kofia.

“Na mahali hakuna fromage?” Mkaguzi akauliza, na sasa yeye pia alikuwa ameteremkia Kiswahili. “Coagulation inakwisha?”

Swali hilo halikuwa juu ya gunia. Mwalimu Birindwa hakuwahi kulifundisha. Jolie alitazama miguu yake.

“Hapana, Madame. Ukijikata, damu inashikana. Bila hiyo tungekwisha kufa wote juu ya haya mawe ya Goma.”

Madame Aksanti alikuwa akiandika jambo hilo wakati bidoni ilipolia. Siku zote Mama Christa alikiacha kifuniko cha kasiksi kimelegea, na kasiksi ikapumua. Lakini leo, kwa kuwa ni sherehe, na kwa kuwa hakutaka harufu imtangulie mbele ya mgeni, alikuwa amekikaza kwa nguvu zake zote, akaweka na sachet ya plastiki chini yake, halafu akaibeba ile bidoni juani kutoka kwake mpaka shuleni. Kifuniko kilipiga dari. Kasiksi ilifuata, ikapanda, ikageuka, ikamshukia préfet Hilaire kuanzia kola hadi viatu.

Na darasa zima, bila kuamriwa na mtu, kwa sauti moja kama wanavyoitikia misani, likataja neno la gesi kutoka: “Dégagement gazeux.”

Mkaguzi alipangusa tone shavuni. Alitafuta katika madawati mwanafunzi aliyejificha kuliko wote, akampata. Alikuwa Bashige, kijana ambaye tangu mwaka uanze hakuna aliyejua sauti yake ikoje. Akamuuliza kwa nini kifuniko kimeruka.

Bashige alisimama vipande vipande. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mu kasiksi kuna levure, vitu vyenye uhai. Vinakula sukari ya ndizi, vinatoa alcool, vinatoa na gazi. Gazi inatafuta njia. “Kila siku iko na njia. Leo marraine alifunga sana, sababu ya bageni.”

“Nilifunga kwa heshima,” akasema Mama Christa, akisahau sharti.

Madame Aksanti alisema ameelewa, na heshima imemfikia. Imemfikia hasa Papa Préfet.

Ofisini, préfet alikaa pembeni ya kiti ili asikiloweshe. Alinukia kama harusi. Alimwambia mkaguzi kwamba sasa ameona kwa macho yake, na kwamba Monsieur Olivier yuko tayari hata kesho. Mwalimu Birindwa alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akingoja kama mtu anayengoja gari ambalo huenda limekwisha kupita.

Madame Aksanti alichukua kalamu ya pili. Alisema programu imechelewa, na kwa hilo atamkata Mwalimu alama. Alimkata. Journal ya darasa, daftari la masomo ya kila siku, ilikuwa na kurasa tupu, akamkata tena. Kuhusu Kiswahili, aliandika kwamba kinafaa kuanzia, mradi kila mwanafunzi afike kwenye Kifaransa, kwa kuwa Mtihani wa Taifa hautaandikwa na Papa Sebahire. Mwalimu alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa. Kisha mkaguzi akaweka kalamu chini. Alisema kwamba katika shule zote alizoingia mwaka huo alisikia mwanafunzi mmoja tu akitoa mfano ambao haukuandikwa ubaoni, na ni yule msichana wa damu.

“Darasa linabaki kwake mpaka Mtihani,” alimwambia préfet. “Na huyo Monsieur Olivier alete projecteur yake. Ila itafutiwe parrain kwanza.”

Mwalimu Birindwa alitaka kusema asante, akajikuta anavaa kofia ndani ya ofisi ya préfet, jambo lisilofanywa.

Alirudi darasani kuwapa habari. Akakuta hakuna anayezingojea. Kwa wasimamizi, suala la nani abaki na darasa halikuwahi kuwepo: watoto walipimwa, watoto walishinda, na baada ya hapo kuna kitu kimoja tu kinachofuata. Walikuwa wameunganisha madawati yakawa meza ndefu. Shuka la Donat lilitandikwa juu yake, na bati la kutu likasimamishwa ukutani kama picha ya mwenye sherehe. Watu wote walikuwa wamekaa na wanamtazama mwenye nyumba, yaani yeye, kuona chakula kinatokea wapi.

Mwalimu hakuwa na chakula. Alikuwa na chaki.

Papa Sebahire aliliona jambo hilo usoni kwake. Akatoa kisu mfukoni, akaivuta ile jibini, akaikata katikati. Mama Mwavita akazungusha sinia la sambaza. Kasiksi iliyosalia ilikuwa nusu bidoni, na vikombe vikapatikana, hata ile mirija miwili ya kioo kutoka kabatini ikapatikana. Madame Aksanti alipewa nafasi ya mbele, akala Coagulation kipande kikubwa, akaomba kingine. Préfet alikuja kuuliza kelele ni za nini, akavutwa kiti, akavuliwa koti ili likauke.

Mwalimu Birindwa alikuwa anatazama. Sura ya lipides na protéines ilikuwa ya Jumatatu, na kila kitu alichohitaji kuifundishia kilikuwa kinapungua mbele ya macho yake, kipande kwa kipande, samaki kwa samaki. Aliponyoosha mkono aweke kando jibini kidogo, kwa ajili ya somo, Mama Christa alimshika kifundo.

“Mwalimu,” akamwambia. “Mutoto ameshinda. Unataka kunyima batu?”

Akatazama kipande kilichokuwa mkononi mwake. Kilikuwa cha mwisho. Wanafunzi wote walikuwa wamegeuka kumtazama, hata Bashige.

Akakitia mdomoni, na maabara ikaisha.